Kutambua Kaa na Kupima Usalama Wake katika Akwaria ya Matumbawe

Swali la mfano: Juma ameweka jiwe lenye matumbawe hai katika akwaria ya maji ya bahari. Baada ya wiki mbili anaona kaa mdogo akitoka katika tundu la jiwe usiku. Je, amwache au amtoe? Toa sababu.

Swali hili linapima uainishaji wa viumbe na uhusiano kati ya umbo la kiungo na kazi yake. Wanafunzi wengi hukimbilia rangi: "Ni mwekundu, kwa hiyo ni hatari." Jibu hilo halipati alama. Kaa wa spishi moja wanaweza kutofautiana rangi, na rangi haikuambii anakula nini.

Anza na miguu. Kaa wa kweli ana jozi moja ya magando na jozi nne za miguu ya kutembelea. Ukiona jozi tatu tu za kutembelea pamoja na papasi ndefu, huyo ni kaa kauri. Huchuja chembe za chakula majini na hana madhara. (Hesabu pande zote mbili, kwani kaa hupoteza miguu wakipigana.) Jozi ya mwisho ikiwa bapa kama kasia, huyo ni mwogeleaji anayewinda hata samaki. Atolewe.

Kaa anayebeba kombe la konokono naye si kaa wa kweli. Anasaidia kula mwani na mabaki, lakini akikosa kombe la kuhamia anaweza kumuua konokono ili achukue lake. Juma amwekee makombe matupu.

Sasa tazama magando, maana hapa ndipo penye alama nyingi. Kaa wa kijani wa Karibi, Mithraculus sculptus, ana ncha zenye umbo la kijiko za kukwangulia mwani, ingawa akiwa na njaa anaweza kutafuna matumbawe. Magando manene yenye ncha nyeusi huonekana sana katika jamii ya Xanthidae, ambao wengi wao huvunja makombe ya wanyama wengine. Ncha nyeusi peke yake haitoshi kumhukumu kaa; angalia pia unene wa gando na anachokula. Zosimus aeneus, wa jamii hiyohiyo, ana sumu inayoua mtu na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo kaa wa mwambani usiyemjua usimle.

Wanafunzi humsahau Trapezia, kaa mdogo mwenye gamba laini linalong'aa, anayeishi kati ya matawi ya matumbawe ya Pocillopora, pamoja na yale ya Bahari ya Hindi. Anakula ute wa matumbawe, lakini pia huondoa mchanga unaoyafunika na humbana kwa magando kiti cha pweza aina ya taji la miiba anapokuja kuyala. Ukimtoa huyu, unayaondolea matumbawe mlinzi wao. Taja mfano huu unapoulizwa kuhusu kutegemeana kwa viumbe.

Jibu la swali: Juma asiamue usiku uleule. Amchunguze miguu, magando na mahali anapokaa. Akiwa mharibifu, aegemeze glasi yenye kipande cha samaki kwenye jiwe. Kaa ataingia na kushindwa kupanda kioo kinachoteleza.

Zoezi: Kielelezo K kina jozi nne za miguu ya kutembelea, magando manene yasiyolingana na manyoya mwilini. Kimekutwa kando ya makombe yaliyovunjika. Tumia sifa tatu kueleza kwa nini kitolewe. (Alama 6)