Safari Ijayo Iwe Lamu

Sisi wa Gikomba tumezoea kubanana. Kwa hesabu ya watu ya 2019, kila kilomita ya mraba ya Nairobi ilikuwa na watu 6,247. Lamu je? 23 tu! Huko ni msitu, mikoko, visiwa na vijiji vilivyo mbalimbali. Basi wengi hudhani hakuna cha kuona ila bahari, na safari ya chama chetu huishia Mombasa kila mara. Mimi napinga. Tenzi tunazotajiwa darasani zina kwao, na kwao ni huko.

Tuanze mjini Lamu, ambao Mji Mkongwe wake uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Njia ni vichochoro, na mizigo hubebwa na punda. Milango ina nakshi ambazo hata fundi wetu wa vitanda hapa sokoni angesimama azitazame. Ndani ya nyumba za zamani mna vidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani safu kwa safu, vya kuwekea vyombo vya kauri kutoka Uchina. Shika neno hilo, vidaka.

Sasa panda mashua hadi kisiwa cha Pate. Mji wa Pate ulitawaliwa na Wanabahani, ukatajirika, kisha ukaanguka. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliuombolezea katika Al-Inkishafi: matajiri wameondoka, na vile vidaka vya sahani vimekuwa makao ya ndege. Darasani hilo ni swali la alama chache. Pate kwenyewe magofu yapo mbele yako, na watu wamelima tumbaku katikati yake! Kisiwa hicho hicho kina Siyu na ngome yake. Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, alikuwa mke wa mtawala wa Siyu.

Wapenda wanyama nao wana Kiunga, hifadhi ya bahari tangu 1979, ambako kasa hutaga mayai. Na ukishuka kusini, katika kaunti jirani ya Tana River, wenyeji wa upande wa Kipini hukuonyesha kaburi wanalosema ni la Fumo Liyongo.

Halafu kuna Kiamu chenyewe. Mchanga ni mtanga, njia ni ndia, moja ni moya. Mwenyeji akikuambia “Ndoo!”, usikimbilie maji, ndugu yangu, anakuita uje.

Kufika si kazi: ni basi hadi Mokowe, kisha mashua hadi Lamu. Pate ndiyo yenye masharti, kwani chombo hungoja maji yajae. Kwa hiyo kamati ya safari isituandikie ratiba ya saa kwa saa, na siku mbili ni chache mno.