Kuhamisha Mwasumini Uliokomaa

Katika nyua nyingi za Unguja na za pwani umo mwasumini uliopandwa zamani. Maua yake meupe hutungwa na kuvaliwa, pengine huuzwa; tena mti wenyewe ni ukumbusho wa yule aliyeupanda. Basi ikitukia kwamba nyumba yataka kuongezwa chumba, na mti umesimama papo hapo pa kujengwa, wenyeji huona shaka: ukiachwa, msingi utaukata; uking'olewa kwa haraka, utakufa. Walakini mti huo waweza kuhamishwa, mradi mwenye kuuhamisha ajue jinsi unavyokunywa maji.

Mizizi minene huushika mti usianguke. Maji huingia hasa kwa mizizi myembamba kama nyuzi, nayo mingi i mbali na shina. Mtu akichimba karibu na shina, huiacha karibu yote ardhini. Majani nayo hayangoji. Jua liwakapo huendelea kutoa maji hewani. Kwa hiyo mti uliohamishwa hufa kwa kiu, ijapokuwa umepandwa katika udongo mzuri.

Dawa ya kiu hiyo ni kuanza mapema. Miezi mitatu hivi kabla ya masika, mtaro mwembamba huchimbwa kuuzunguka mti nusu ya duara tu, mizizi ikakatwa kwa chombo kikali, kisha udongo hurudishwa na kutiwa maji. Baada ya mwezi mmoja hukatwa nusu ya pili. Hapo mti huotesha mizizi myembamba mipya ndani ya duara, karibu na shina. Ikiwa shina lina unene wa sentimita 2 au 3, upana wa duara usipungue sentimita 30, yaani urefu wa rula ya shule.

Masika yaanzapo, mnamo Machi, huchaguliwa jioni au siku ya mawingu. Shimo jipya lichimbwe kwanza, ili mizizi isingoje juani. Matawi yapunguzwe kadiri ya theluthi, ili majani yasidai maji kupita nguvu za mizizi. Kisha donge zima la udongo lichimbuliwe, lifungwe kwa gunia, na kubebwa kwa gunia hilo. Mti usibebwe kwa shina, maana donge likibomoka, mizizi mipya hukatika.

Gunia likiisha kutolewa, mti usimamishwe kwa kina kile kile cha kwanza, wala usizikwe zaidi. Samadi mbichi isitiwe shimoni, kwa kuwa huunguza mizizi. Maji mengi yamwagwe, na majani makavu yatandazwe juu ya udongo pasipo kugusa shina.

Baada ya siku chache majani huweza kunyauka na kuanguka. Wengi hukata tamaa, wakaung'oa mti ulio hai. Yafaa kwanza kukwaruza ganda kwa ukucha: pakiwa na ubichi chini yake, uhai ungalimo, na mti uzidi kunyweshwa mpaka uchipuke.

Basi fundi ajapo na kamba ya kupimia msingi, kazi ya mti iwe imekwisha. Maana ukuta waweza kungoja mwezi, lakini mizizi haiharakishwi.