CHUJA ODA ZAKO KWA ORODHA MOJA, USITAFUTE NENO MOJA MOJA

Somo la leo ni la wewe unayeuza WhatsApp na Instagram na kuandika oda kwenye Google Sheets, halafu saa ya kupeleka mizigo stendi ikifika unaanza kuhangaika nani yuko wapi.

Mimi niko Korogwe, nauza viatu na mikoba. Kila mteja anaandika mahali anavyojua mwenyewe: "Handeni", "handen mjn", "Chanika". Wote watatu wako Handeni mjini. Ukitafuta neno "Handeni" peke yake, wa Chanika anabaki, na hela yake ulishapokea.

Mtego mwingine: Kabuku na Mkata ziko wilaya ya Handeni, ila zipo kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Chalinze. Mteja akiandika "Kabuku, Handeni", mzigo ukipanda gari la Handeni mjini umepotea njia. Kwa hiyo usipange kwa wilaya, panga kwa gari.

HATUA YA 1: Tengeneza orodha
Oda zako ziwe kwenye karatasi inayoitwa Oda: jina, simu, mahali (kolamu C), bidhaa, malipo. Fungua karatasi ya pili, iite Orodha. Mstari wa kwanza ni vichwa. Chini yake andika kwa herufi ndogo, neno moja kila kisanduku:
• A, Handeni mjini: handen, hndeni, chanika
• B, Barabara kuu: segera, michungwani, kabuku, mkata\b
• C, Korogwe mjini: korog, manundu

Huna haja ya kuandika neno zima. "handen" inanasa Handeni, handen na Handeni mjini. Ile \b maana yake neno liishie hapo; bila hiyo "mkata" itanasa hata "mkataba".

HATUA YA 2: Chuja
Karatasi mpya, kisanduku A1, weka hii kwa ajili ya barabara kuu:

=FILTER(Oda!A2:E, REGEXMATCH(LOWER(Oda!C2:C), TEXTJOIN("|",TRUE,Orodha!B2:B30)))

TEXTJOIN inaunganisha maneno yako kwa alama ya |, yaani "au". LOWER inafanya herufi kubwa zisisumbue.

Kwa Handeni mjini, nasa orodha A lakini toa walio kwenye B:

=FILTER(Oda!A2:E, REGEXMATCH(LOWER(Oda!C2:C), TEXTJOIN("|",TRUE,Orodha!A2:A30)), REGEXMATCH(LOWER(Oda!C2:C), TEXTJOIN("|",TRUE,Orodha!B2:B30))=FALSE)

Hapo "Kabuku, Handeni" anatokea barabara kuu tu. Korogwe mjini fanya kama barabara kuu, badilisha B iwe C.

HATUA YA 3: Waone waliobaki
Hii ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo inayookoa wateja:

=FILTER(Oda!A2:E, Oda!A2:A<>"", REGEXMATCH(LOWER(Oda!C2:C), TEXTJOIN("|",TRUE,Orodha!A2:C30))=FALSE)

Inakuletea kila oda ambayo haikunaswa popote, hata aliyesahau kuandika mahali. Akitokea mtu kaandika "Hndn", ongeza hndn kwenye orodha A, basi. Fomula hazigusi tena, na wiki ijayo atanaswa mwenyewe. Ukiona #N/A hapa, furahi: hakuna aliyebaki. Mimi sifungi mizigo kabla ya kuiona.

ANGALIA HAYA
✅ Usiache kolamu ya orodha tupu kabisa, itanasa kila mtu. Kisanduku chenye nafasi tupu ndani nacho ni shida.
✅ Fomula ikikataa mkato, jaribu nukta-mkato (;).
✅ Chanika iko Handeni, na Dar es Salaam pia ipo. Mteja akiandika "Chanika" tu, hakuna fomula itakayojua. Mpigie simu.

Wewe uko njia gani? Badilisha majina tu, kazi ni ileile. Andika kwenye komenti maeneo yako na jinsi wateja wanavyoyakosea, tusaidiane kutengeneza orodha. Na mtumie mwenzako anayehangaika na oda. 🙏