Masomo Yaliyo Ndani ya Simu: Yanakaa Wapi na Nani Anaweza Kuyafungua

Katika maeneo ambayo intaneti ni hafifu au haipo, wazazi na walimu wengi hufuata utaratibu mmoja. Mtu anayesafiri kwenda mjini hupakua vitabu na video za masomo kwenye simu au kadi ya kumbukumbu, kisha hurudi nazo nyumbani ili wanafunzi wasome bila kununua bando. Utaratibu huu ni mzuri na hupunguza gharama. Hata hivyo, mara nyingine masomo hayo hukataa kufunguka yakifika kijijini, au hupotea ghafla, ingawa hakuna aliyeyafuta kwa makusudi.

Katika somo hili tunaeleza sababu za hali hiyo na hatua ambazo mtumiaji anaweza kuchukua kabla hajaondoka penye mtandao. Mwisho wa somo tumeweka maswali ya kujipima.

Mfano wa kuanzia

Chukulia familia inayoishi katika kijiji ambacho mawimbi ya intaneti hupatikana kilimani tu, tena kwa kubahatisha. Binti yao yuko kidato cha nne. Shuleni hana simu, hivyo jioni hujisomea kwa simu ya baba yake. Kaka yake, alipokuwa mjini, aliijaza simu hiyo video za Kemia kupitia programu moja ya masomo, na akapakua pia vitabu viwili vya PDF kwa kivinjari.

Wiki tatu kabla ya mtihani, simu inatoa onyo kwamba nafasi imejaa. Baba anaondoa programu ambayo yeye binafsi haitumii, akiamini kwamba video zimo ndani ya simu na kwamba programu itarudishwa baadaye. Video zote zinatoweka. Vitabu viwili vya PDF vinabaki.

Baba hakukosea kwa uzembe. Alichokosa ni maelezo ya mahali ambapo kila faili lilihifadhiwa.

Sehemu tatu za kuhifadhia mafaili

Simu nyingi zinazotumika nchini zinaendeshwa na mfumo wa Android. Katika mfumo huo, faili la somo linaweza kukaa katika mojawapo ya sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni eneo la programu yenyewe. Tulifananishe na chumba ambacho ufunguo wake anao mpangaji mmoja tu. Programu nyingine haziwezi kuingia humo, na kwa kawaida mwenye simu hayaoni mafaili hayo anapofungua folda zake. Programu ikiondolewa, au data yake ikifutwa kupitia mipangilio, kila kilichomo hufutwa pamoja nayo. Video za Kemia katika mfano wetu zilikuwa hapa.

Sehemu ya pili ni ghala la pamoja, lenye folda za vipakuliwa, hati, picha, muziki na video. Faili lililo hapa hubaki hata programu iliyolileta ikiondolewa. Vitabu vya PDF vilikuwa hapa, ndiyo maana vilinusurika.

Sehemu ya tatu ni kadi ya kumbukumbu, kwa simu zinazoikubali. Kadi inaweza kuandaliwa kwa namna mbili. Ikiandaliwa kama hifadhi ya kubebeka, inaweza kuhamishwa na kusomwa na simu nyingine au kompyuta. Ikiandaliwa kama sehemu ya hifadhi ya ndani, mfumo huifunga kwa simu hiyo moja kwa usimbaji; ukiichomoa na kuiweka katika simu nyingine haitasomeka.

Kwa nini programu haioni faili lililopo

Zamani, programu iliyopewa ruhusa ya hifadhi iliweza kusoma karibu kila faili katika ghala la pamoja: picha za familia, nakala za vyeti, hata risiti za benki. Mmiliki wa simu akibonyeza kitufe cha kukubali mara moja, mlango ulibaki wazi.

Kuanzia Android 10, iliyotoka mwaka 2019, na hasa Android 11 ya mwaka 2020, utaratibu huo ulibadilishwa. Programu sasa huruhusiwa kutumia eneo lake yenyewe na, kwa ruhusa ya mtumiaji, picha, video na sauti zilizo katika ghala la pamoja. Android 13 ya mwaka 2022 ilizitenganisha zaidi ruhusa hizo, hata ruhusa ya kusoma muziki haifungui tena picha. Mafaili mengine, kama PDF yaliyoletwa na programu nyingine, hufikiwa pale mtumiaji anapoyachagua yeye mwenyewe, moja baada ya jingine au folda kwa folda.

Mabadiliko haya yana faida kubwa kwa mtumiaji. Kukusanya taarifa za simu ya mkopaji ni hatari inayojulikana katika mikopo ya mtandaoni. Ndiyo sababu Google, tangu mwaka 2023, imezikataza programu za mikopo binafsi zilizo katika duka lake kuomba ruhusa ya picha na orodha ya majina ya simu. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kwa hiyo hatumshauri mtumiaji aone zuio hili kama adui.

Hata hivyo, zuio lililowekwa kumlinda mtumiaji limemgusa pia anayesoma bila mtandao. Mfano unaojulikana ni Kiwix, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo humwezesha mtu kusoma Wikipedia yote na maktaba nyingine bila intaneti. Maktaba hizo huja kama faili moja kubwa ambalo mwalimu anaweza kulinakili kwa kadi au flashi. Baada ya kanuni mpya, toleo la Kiwix lililo katika duka la Google lilizuiwa kusoma mafaili yaliyonakiliwa kwa njia hiyo, na watengenezaji wake wakaweka toleo kamili katika tovuti yao. Mwalimu aliyebeba faili sahihi lakini akasakinisha toleo la dukani angeweza kufika shuleni na kukuta orodha tupu.

Hatua za kuchukua kabla ya kuondoka penye mtandao

1. Weka simu katika hali ya ndegeni na uzime Wi-Fi, kisha fungua kila somo ulilopakua. Lisipofunguka ukiwa mjini, halitafunguka kijijini. Fanya jaribio hili kwa simu itakayotumiwa na mwanafunzi, si kwa simu yako.

2. Tafuta faili katika programu ya kuonyesha mafaili. Ukiliona katika folda ya vipakuliwa au hati, lipo katika ghala la pamoja. Usipoliona popote ilhali linafunguka ndani ya programu, lipo katika eneo la programu hiyo. Waeleze wote wanaotumia simu kwamba programu hiyo isiondolewe na data yake isifutwe.

3. Usitegemee video uliyoihifadhi ndani ya programu ya YouTube kwa muda mrefu. Video ya namna hiyo haiwezi kunakiliwa kwenda simu nyingine, na programu huitaka simu irudi mtandaoni baada ya muda uliowekwa. Chagua masomo ambayo wenye nayo wanaruhusu yapakuliwe kama mafaili ya kawaida.

4. Kagua ukubwa wa faili. Kadi na flashi nyingi za gigabaiti 32 au chini ya hapo huandaliwa kwa muundo wa FAT32, ambao hauwezi kupokea faili moja lenye gigabaiti 4 au zaidi, hata kama nafasi ipo. Tafuta toleo dogo la maktaba hiyo, au andaa kadi kwa muundo wa exFAT baada ya kuhakikisha kwamba simu inaukubali. Kumbuka kwamba kuandaa kadi upya hufuta vyote vilivyomo.

5. Weka nakala ya pili katika kifaa kingine. Simu ikianguka majini au ikiibwa, masomo yasiishe siku hiyo.

Ruhusa ipi itolewe

Programu ikishindwa kufungua faili, usikimbilie kukubali kila ombi linalotokea. Jaribu kwanza kulifungua faili kutoka katika programu ya kuonyesha mafaili, au tumia kitufe cha kuchagua faili kilicho ndani ya programu ya masomo. Njia hii huipa programu faili ulilolichagua pekee.

Ipo pia ruhusa ya kufikia mafaili yote. Hii ni ruhusa nzito, inayofaa kwa programu za kusimamia mafaili au za kutunza nakala rudufu. Programu ya maswali ya mitihani au kamusi ikiiomba, jiulize inaihitaji kwa kazi gani. Ruhusa uliyokwisha kuitoa unaweza kuiondoa wakati wowote: fungua mipangilio, kisha programu, chagua jina la programu husika, kisha ruhusa.

Tahadhari hiyo inahusu pia programu zinazosakinishwa kutoka nje ya duka rasmi. Ukihitaji toleo kamili la programu kama Kiwix, lipakue kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe, na ukimaliza kusakinisha funga tena ruhusa ya kusakinisha programu kutoka vyanzo vingine. Usipokee programu iliyonakiliwa kwenye flashi na mtu asiyeweza kueleza alikoitoa, na usilipe fedha kwa mtu anayedai kukuuzia programu ambayo hutolewa bure.

Kwa shule na vikundi vya kujisomea

Shule yenye kompyuta moja na umeme, hata wa jua, inaweza kuepuka tatizo hili kwa sehemu kubwa. Programu ya bure ya Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality, huiwezesha kompyuta moja kuwa seva ya darasa. Masomo huingizwa mara moja, kwa intaneti ya mjini au kwa diski. Baada ya hapo kompyuta na vishikwambi vya darasani huunganishwa kwa Wi-Fi ya ndani na kusoma kupitia kivinjari, bila intaneti na bila bando. Mafaili hubaki katika seva, hivyo mwanafunzi hahitaji nafasi kubwa katika kifaa chake wala ruhusa yoyote ya hifadhi.

Haki zako na mahali pa kulalamika

Ni vyema tueleze mipaka ya kazi yetu. Mamlaka husimamia watoa huduma za mawasiliano; haitengenezi mfumo wa simu wala haiwezi kurejesha faili lililofutwa na programu. Lakini ukinunua bando la kupakulia masomo na huduma isitolewe kama ilivyotangazwa, una haki ya kulalamika. Tunza ujumbe wa uthibitisho wa malipo na uanze kwa mtoa huduma wako. Usiporidhika na majibu, lete lalamiko kwetu pamoja na kumbukumbu hizo. Malalamiko kuhusu programu iliyotumia vibaya taarifa zako binafsi hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Maswali ya kujipima

1. Katika mfano wa kuanzia, baba angefanya nini ili apate nafasi katika simu bila kupoteza video za Kemia?

2. Mwalimu amebeba kadi ya kumbukumbu kutoka katika simu yake, lakini simu ya shule haiisomi. Taja sababu moja inayowezekana.

3. Programu ya kamusi inaomba ruhusa ya kufikia mafaili yote. Utafanya nini kabla ya kukubali?

4. Chukua simu inayotumiwa na mwanafunzi nyumbani kwako, iweke katika hali ya ndegeni, na ufungue masomo matatu. Andika lipi limefunguka na lipi limekataa. Yaliyokataa yashughulikie katika safari yako ijayo ya mjini.