Siki kwanza, shampuu baadaye: kuosha dredi kwa maji ya Lubumbashi

Mwezi uliopita nililipa saloni moja hapa Lubumbashi inioshe dredi na kunisokota mizizi. Shampuu nilikuja nayo mwenyewe. Binti aliyenishika kichwa aliiweka pembeni, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, kile kile wanachofulia taulo, na kabla sijageuka povu lilishafika masikioni. Nikamwambia, "Dada, shampuu iko hapo." Akanijibu, "Ii njo inatosha uchafu, yaya," yaani hii ndiyo inayoondoa uchafu. Msimamizi wake akaongeza kwamba wenye dredi wote wanaoshwa hivyo na hakuna aliyewahi kulalamika. Nililalamika mimi, wakachukua pesa yote vilevile. Nilitoka na nywele nzito, ngumu, zinazokwaruza shingo. Zilipokauka, kila nilipokunja dredi moja, unga wa kijivu ulidondoka begani.

Unga huo si mba. Tazama ndani ya birika lako: lile gamba jeupe linalong'ang'ania chini ni chokaa. Mji wetu umekaa juu ya miamba ya chokaa na dolomia, na maji ya foraje, yaani visima virefu, yanapita humo kabla ya kufika kwenye bidoni. Sabuni ya kipande, inayopikwa kwa mafuta na soda, ikikutana na chokaa hiyo inageuka utando usioyeyuka, ule unaobaki kama duara kwenye beseni. Kwenye nywele zilizochanwa, kitana kinaubeba. Ndani ya dredi hauna mlango wa kutokea. Unabaki, safari ijayo unaongezewa mwenzake, vumbi jekundu linanasa hapo, jasho linanasa hapo, na mwenye nywele anaanza kujikuna. Halafu watu wanasema dredi ni uchafu.

Kauli hiyo inaniuma. Field Marshal Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau nchini Kenya, alizifuga zake tangu vita vya msituni miaka ya 1950 hadi Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta alipomnyoa kule Nyeri. Mwanamke huyo alizitunza zaidi ya nusu karne, na hapa kwetu kijana mwenye dredi za miaka miwili anaambiwa kwenye foleni ya benki kwamba ananuka, hata kabla mtu hajamsogelea. Dredi zinaoshwa. Zinapaswa kuoshwa. Swali ni kwa kitu gani na kwa maji gani.

Mara ngapi? Hapa majira ndiyo yanayoamua. Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna mvua, vumbi linatawala, na ukipanda wewa, pikipiki ya abiria, bila kufunga kichwa unafika Katuba na nusu ya barabara nywelini. Miezi hiyo mimi naosha kila wiki, na hewa ni kavu kiasi kwamba zinakauka siku ile ile. Juni na Julai asubuhi kuna baridi kali, kwa hiyo nasubiri jua lipande. Mvua zikianza, naenda hadi wiki mbili, kwa sababu dredi iliyolala mbichi inaota ukungu katikati, na harufu ya ukungu haifichwi na manukato yoyote. Mvua kwetu hupenda kunyesha mchana au jioni, basi naosha mapema asubuhi. Mashine ya kukaushia siitegemei. Umeme ukikatika kichwa kikiwa kimelowa, umebaki na kichwa chako.

Sasa namna ya kuosha. Kuna hatua kadhaa, lakini moja ndiyo yenye uzito, nayo ndiyo iliyoniokoa baada ya ile saloni.

Wengi wanajua siki. Wanaimwaga mwishoni, baada ya shampuu, ili nywele ziteleze. Kwa dredi zilizoshiba utando wa sabuni, mpangilio huo unakuacha nusu ya njia. Siki inafanya kazi moja: inauachanisha utando, chokaa inaingia majini na mafuta yanabaki peke yake. Mafuta hayo hayaondoki kwa siki wala kwa maji matupu. Yanahitaji shampuu nyuma yake. Ukimaliza na siki, umevunja ukuta ukaacha matofali ndani ya nyumba. Kwa hiyo siki kwanza, shampuu baadaye.

Jumamosi iliyofuata ile saloni niliweka beseni jeupe juu ya stuli uani. Jeupe, kwa sababu unataka kuona kinachotoka. Kikombe kimoja cha siki ya kawaida kwa vikombe kumi vya maji vuguvugu. Ukikosa siki, kamua ndimu nne kwenye lita moja na chuja mbegu vizuri, maana mbegu ikiingia kwenye dredi utaitafuta wiki nzima. Nilifunga kitambaa kwenye paji la uso kulinda macho, nikainamisha kichwa, nikaziacha dredi zilale humo robo saa huku nikizibinya kuanzia kwenye mizizi kushuka chini. Kubinya, si kusugua. Mwanzoni hakuna kilichotokea. Kisha maji yakaanza kuwa meupe kama ya kuoshea mchele, yakawa ya kijivu, na juu yakaelea vipande vyembamba vyenye mafuta. Mamu jirani yangu alisimama na ndoo yake akauliza, "Iko nini mu ndani ya nywele yako?" Nikamwambia ni sabuni ya saloni. Alicheka hadi akaiweka ndoo chini, kisha akavuta kigoda akakaa kutazama mpaka mwisho.

Nikamwaga, nikatia shampuu. Hapa nina msimamo: shampuu ya bei ndogo, nyepesi, inayoonyesha upande wa pili wa chupa. Zile za "mbili kwa moja" zina vilainishi vilivyotengenezwa vibaki kwenye nywele, na ndani ya dredi vinabaki kwelikweli. Niliichanganya na maji kwenye chupa yenye tundu dogo, nikaielekeza kwenye ngozi ya kichwa tu, povu likashuka lenyewe. Mara mbili. Mara ya pili povu lilikuwa jeupe, nami nikajua nimeshinda.

Maji ya kusuuza nayo yana siri. Wakati wa mvua nakinga yanayotoka kwenye bati, baada ya kuacha ya kwanza yaoshe vumbi la paa. Hayo hayana chokaa kabisa. Kiangazi nachemsha bidoni moja kwenye mbabula, jiko la makaa, siku moja kabla, nayaacha yatulie, sehemu kubwa ya chokaa inakaa chini, namimina ya juu polepole. Makaa si bure, kwa hiyo yaliyochemshwa nayatunzia msuuzo wa mwisho. Kama unataka kujua ukali wa maji ya nyumbani kwako, kwangua sabuni ya kipande kidogo ndani ya chupa, jaza maji nusu na utikise. Yakitoa mabonge meupe badala ya povu, huna sababu ya kuingiza sabuni hiyo kichwani.

Kukausha: fulana kuukuu ya pamba, bonyeza, tundika kichwa juani. Taulo linaacha manyoya.

Nta ya dredi sitaki hata kuisikia. Muuzaji mmoja mjini alinishikilia mkono akisema bila nta dredi hazishiki, na kwamba maji ya moto yataitoa siku nikitaka. Nilimuuliza ya moto kiasi gani. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Maji ya moto hivyo yanababua ngozi ya kichwa. Akahamia kwa mteja mwingine.

Na wenye dredi changa, ambao wanaambiwa wasiguse maji miezi mitatu: msikubali. Vaa soksi ya nailoni ya kike kichwani, ifunge isiteleze, mimina siki, kisha shampuu, juu yake na ubinye. Maji yanapita, mizizi haifumuki. Fanyeni hivyo kila baada ya wiki mbili au tatu, na mkienda saloni, shikeni chupa yenu mkononi mpaka mtakapoona inafunguliwa.