Neno "Aionios" na Ufundishaji wa Maana

Mwalimu wa msamiati hana budi kukumbuka kwamba maana ya neno hudhihirishwa na matumizi yake. Tuchukue neno la Kiyunani cha kale, *aionios*, ambalo kwa kawaida hufasiriwa "-a milele". Asili yake ni *aion*. Katika tenzi za Homer, *aion* ni uhai au umri wa mtu. Baadaye likaja kumaanisha pia zama. Plato, katika *Timaeus*, alilitumia *aionios* kwa lile lisilofungwa na wakati. Lakini katika tafsiri ya Kiyunani ya Kutoka 21:6, mtumwa aliyetobolewa sikio humtumikia bwana wake *eis ton aiona*, yaani maadamu yu hai. Katika Mathayo 25:46, *aionios* huambatana na adhabu na uzima pia; ndiyo maana wafasiri wamebishana sana juu yake.

Basi, ufundishapo "milele" au "daima", usiandike fasili moja ubaoni na kuikaririsha. Andika sentensi tatu zenye neno hilo, kisha waulize wanafunzi: Ni jambo gani linalosemwa? Nalo hudumu kwa muda gani? Wakijibu hayo, maana wataipata wenyewe.