Kitunguu, hamira na mtindi chini ya hadubini

SWALI: Nasoma kidato cha pili, naishi Mnazi Mmoja. Shuleni tuna hadubini ya kukuza mara 400. Nitapata wapi seli za viumbe mbalimbali, na nitazitofautishaje?

JIBU: Mwanangu, soko la Kariakoo liko mlangoni pako. Anza na kitunguu maji. Bandua ule utando mwembamba wa ndani ya gamba, utandaze kwenye kioo bila mikunjo, tia tone la ayodini, funika. Utaona seli ndefu zilizopangana kama matofali, kila moja na ukuta wake na kiini kilichokolea rangi. Usihangaike kutafuta kloroplasti; magamba ya kitunguu hayana, ingawa ni mmea. Wengi huzichora kwa mazoea, na hilo ni kosa kubwa.

Kisha koroga hamira kidogo katika maji ya uvuguvugu yenye sukari. Hiyo ni kuvu: seli za mviringo, baadhi zimechipua vitoto ubavuni. Nazo zina ukuta, lakini si wa selulosi kama wa kitunguu.

Seli ya mnyama unayo mwenyewe. Pangusa taratibu ndani ya shavu kwa kijiti safi cha pamba: haina ukuta, umbo lake limelegea.

Mtindi uzimue kwa maji. Bakteria wake wataonekana kama vitone na vijiti tu, kwani upana wao ni kama milimita 0.001, na kiini hawana.

Chora ulichokiona wewe, si kilichomo kitabuni, na uandike ukuzaji uliotumia.